Unyago kwa Kijapani

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Jana jioni nimefika nyumbani Mkunya. Leo asubuhi nimeshakuwa adui wa kata nzima. Hongera, Hajira!

Kitu nilikihisi tangu stendi ya Newala. Vijana wa bodaboda waliniona, wakatazamana, mmoja akaanza kuimba. Wimbo ule! Mwanamume, barabarani, jua linawaka, anaimba wimbo wa ndani ya unyago. Nikasema labda ni uchovu wa safari, siku mbili nipo kwenye basi.

Si uchovu. Pili kanieleza leo tukichambua mchele. Mdogo wangu huyu, miaka kumi na tatu, juzi tu kamaliza mtihani wa darasa la saba, ndiye wa kunieleza mimi! Faruku, kijana wa jirani anayesoma Mtwara, aliandika neno "Mkunya" kwenye simu, sijui anatafuta nini. Likatoka jina langu. Kazi yangu ya chuo. Mbele tafsiri ya Kijapani, nyuma kiambatisho: mafunzo ya unyago yote, kurasa arobaini na moja, kwa Kiswahili cha kila mtu. Akayatupia kwenye grupu la vijana wa kata. Wenzake wakachapisha. Sasa wanasomeana kijiweni, mmoja anasoma, wengine wanaitikia.

Mimi nilidhani kiambatisho kinakaa kabatini kwa msimamizi. Kumbe chuo, kazi ikishasahihishwa, kinapandisha kila kitu mtandaoni. Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuuliza.

Mama hajanisemesha. Kanipa ugali. Kanipa maji ya kuoga, nusu ndoo. Nimemwamkia shikamoo, marahaba yake kaipeleka ukutani.


Jumapili, 15 Septemba

Sijatoka. Jirani kaja kuchukua kinu chake. Tunacho tangu Ramadhani, hajawahi kukiulizia. Leo kakitaka. Hakuniamkia, hakunitazama, kakipakata kifuani kama mtoto akaondoka nacho.


Jumanne, 17 Septemba

Niandike ilivyokuwa, maana kichwani inazunguka tu.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi wa Kijapani anafanya kazi moja kubwa ya tafsiri. Sharti: matini ambayo hakuna aliyewahi kuitafsiri. Wenzangu wakakimbilia sungura na fisi. Stella, rafiki yangu wa chumba kimoja, akatafsiri kipeperushi cha mbolea. Mimi nikapeleka sungura wangu kwa msimamizi, mwalimu wa kike kutoka Japani, Sensei Hayashida. Akanirudishia. Japani kuna sungura wa kutosha, akasema. Niletee kitu ambacho usipokitafsiri wewe, hakitatafsiriwa na mtu.

Nilikaa siku tatu na maneno yale. Mtoto wa mkulima wa korosho ana nini ambacho hakuna mwingine anacho? Bwenini kwetu wapo wenye baba balozi. Wapo waliokwenda Tokyo likizo. Mimi nina nini?

Nilikuwa nacho. Nilichezwa unyago mwaka 2013, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kungwi wangu Mama Kasiani, anayewacheza wali wote wa Mkunya hadi leo. Mwezi mzima ndani, mafunzo ishirini na mawili, na sijasahau hata moja. Nina kichwa cha kushika maneno, ndicho kilichonipeleka chuo.

Tuliapishwa. Usimwambie mwanamume. Usimwambie ambaye hajachezwa.

Basi nikafikiri kama mtu mwenye akili nyingi. Karatasi si mdomo. Kijapani si lugha ya mtu yeyote ninayemjua. Aliyeko Osaka atamjulia wapi Mama Kasiani? Nikaona kuyaandika kwa Kijapani ni kama kuyafukia, si kuyasema. Kile kiambatisho cha Kiswahili kilikuwa sharti tu la idara, nikakichapa kwa siku nne, sikukifikiria mara mbili.

Miezi saba! Kamusi imekatika uti wa mgongo. Kuna sentensi moja ya fundisho la tisa ilinichukua wiki nzima — Kijapani kilikuwa kinaikataa, naigeuza, kinaikataa tena, mpaka alfajiri moja ikaingia yenyewe ikatulia. Nililia. Hilo simwambii mtu: sijawahi kupata kazi tamu kama ile maishani.

Nikapata A. Sensei akapeleka jina langu kwa nafasi ya mwaka mmoja Osaka. Nafasi ni moja kwa chuo kizima. Yangu. Kuondoka mwisho wa Machi.

Na huku nyumbani miaka yote mitatu swali lao lilikuwa moja. Kijapani? Kwa hiyo utaleta magari?


Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Kasiani. Peke yangu, Mama alikataa kunisindikiza.

Nilimkuta uani anaanua makopa ya muhogo. Nikapiga magoti, shikamoo. Akaacha nikae na magoti yangu pale chini mpaka alipomaliza ungo mzima. Ndipo marahaba.

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, maneno mazuri, tangu usiku nayapanga. Akaniinulia mkono. Akaingia ndani akatoka na daftari, rula na kalamu. Akavaa miwani. Orodha ya wali watakaoingia tarehe tano mwezi ujao. Majina kumi na manne. La kumi na moja: Pili Mujibu.

Akaweka rula juu ya jina. Akapiga mstari. Umenyooka! Akanionyesha kama mwalimu anavyoonyesha mtoto kosa lake.

"Nyumba yenu haina mlango," akasema. "Tukimwingiza yule, kesho atasoma naye, keshokutwa ataandika naye."

Nikamwambia Pili hana kosa. Akasema anajua. Kosa halimfuati mtu, linaufuata mji.

Nikamuuliza nifanye nini. Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. Siku hayo makaratasi yatakaposhushwa huko yalikopandishwa, akasema, jina la mdogo wako nitaliandika tena kwa mkono wangu huu. Lakini yashushwe, na mwenyewe aliyeyapokea aseme ameyashusha.

Nikasema vijana wameshachapisha, bibi, wameshagawana.

"Wale wameiba. Mwizi namjua. Wewe ndiye uliyetoa."

 


Ijumaa, 20 Septemba

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya Pili tu. Ni lile daftari.

Kuna kitu sijakiandika popote. Chuo hakipokei masimulizi ya mtu bila fomu ya ridhaa. Msimulizi anaweka saini kwamba amekubali. Siku ya mwisho ya kupeleka nilikuwa bwenini, Mama Kasiani yuko huku, na hata angekuwa chumba cha pili nisingethubutu kumwomba. Nikaandika jina lake. Pale pa saini nikaandika "hajui kuandika", nikachovya kidole gumba changu cha kushoto kwenye wino, nikabonyeza.

Nilijitetea vipi? Kwamba kughushi saini ni wizi, ila dole gumba... dole gumba ni dole gumba. Upuuzi! Na kwamba mwanamke wa Mkunya, miaka sitini na mitano, kwa vyovyote vile hajui kuandika. Mimi! Mtoto aliyelelewa mikononi mwake! Nilimfikiria vilevile watu wa mjini wanavyotufikiria sisi wakisikia tumetoka Newala.

Jana nimeuona mwandiko wake. Herufi zimelala upande mmoja, zimelingana, hakuna iliyoruka mstari. Kisomo cha watu wazima, wakati ule wakisoma jioni baada ya shamba. Mzuri kuliko wangu.


Jumatatu, 23 Septemba

Niliwaandikia ofisi ya taaluma ya chuo, wamejibu. Kiambatisho hakiondolewi peke yake. Kazi inaondolewa yote, kwa barua ya msimamizi, na kazi iliyoondolewa haihesabiki. Yaani hakuna A. Hakuna Osaka. Hakuna hata shahada mpaka nirudie mwaka.

Nikamwandikia Sensei. Kwa Kijapani, kile cha heshima ya juu kabisa, sentensi ndefu za kuzunguka zunguka. Nikasema wazee wameanza kuwa na wasiwasi, je, upo uwezekano wa kukificha kiambatisho? Wasiwasi! Eti wasiwasi. Nimekuwa fundi wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa lugha tatu.

Amejibu ndani ya saa moja. Anakuja!

Anamaliza mkataba wake, Oktoba anarudi kwao moja kwa moja. Anasema tangu mwanzo alikusudia kuja kumshukuru Mama Kasiani ana kwa ana. Kwao mtu hapokei zawadi kubwa vile halafu akanyamaza. Na kama wazee wana wasiwasi, ndiyo sababu zaidi ya kuja. Jumamosi atakuwa Masasi, nimpokee.

Nikamwandikia barabara ni mbaya. Akasema amezoea. Nikamwandikia kwamba Mama Kasiani anaumwa. Akasema basi ataleta dawa.

Ya Rabi!


Jumatano, 25 Septemba

Wenzake Pili wameacha kumpitia. Walikuwa wanakwenda maji pamoja, kundi zima, wanacheka toka huku mpaka bombani. Leo wamepita njia ya nyuma. Pili akabaki kasimama na ndoo yake. Msichana asiyechezwa hapa anabaki mtoto hata akizeeka. Mwenzake akijifungua, yeye anasubiri nje. Kukiwa na jambo la wanawake, wanamtuma dukani.

Usiku wa kuamkia leo nilimsikia analia kwa kujificha. Asubuhi kaniuliza, bila hasira, na heri angekuwa na hasira: dada, mimi nimefanya nini?

Stella kapiga simu. Nikamweleza yote, hata kidole. Akacheka kwanza, halafu akaona sicheki. Ushauri wake: funga mdomo. Huyo Sensei anajua Kiswahili cha sokoni tu, bei gani na punguza. Mkalimani ni wewe. Bibi aseme atakalo, wewe mwambie Sensei anashukuru. Wiki mbili Sensei yuko kwao, miezi sita na wewe uko Osaka, nani atakukumbuka Mkunya?

Nimekata simu. Lakini sikusema hapana. Niandike ukweli angalau humu: sikusema hapana.

Jioni Mama kafungua mdomo. Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka. "Nilikupeleka ukasome. Sikukupeleka ukasimulie." Nikasema nisamehe Mama. Akapuliza tena. Akasema hao niliowatia aibu ndio watakaomwosha yeye akifa. Kisha kaninyooshea sufuria nikaoshe.


Jumamosi, 28 Septemba

Masasi. Nilitangulia jana, nikalala kwa binamu.

Sensei kashuka kwenye basi la Mtwara kavaa kofia pana, mkoba mgongoni, na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha zambarau, anakishika kwa mikono miwili kama kina mayai. Kaniona, kafurahi! Kafurahi kweli, uso mzima. Nikainama. Akainama. Watoto wa stendi nao wakainama.

Tumekodi Noah, dereva jina lake Yohana. Kuwasha gari tu, mwanamke wa kwenye redio akaongea Kijapani kama kawaida ya magari haya. Yohana akasema huyu dada kila siku ananisalimia, leo mniambie anasemaje. Sensei akanitazama. Nikamwambia Yohana: anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara. Miaka minne! akasema Yohana. Miaka minne namwitikia salama! Sensei nilipomtafsiria alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Halafu nikajichukia.

Tulipopita Chiungutwa Sensei akaanza kuniambia kitu. Mama yake ana miaka themanini na minne. Sensei alimsomea tafsiri yangu kwenye simu, kidogo kidogo, kwa muda wa jioni kumi na moja. Fundisho la tisa mama akamwambia rudia. Akarudia. Bibi kizee akalia. Akasema mimi niliozwa bila kuambiwa neno hata moja, nikaingia gizani, mama yangu alifunga mdomo na mimi nikakufungia wewe. Laiti ningekuwa na mtu wa kunikalisha chini mwezi mzima.

Sensei akasema: hiyo ndiyo kazi uliyoifanya. Ndiyo sababu ninakwenda kumwinamia mwanamke huyu.

Nilitaka kumwambia pale pale. Gari lilikuwa limeanza kupanda mlima, Yohana kaingiza gia nzito, injini inapiga kelele, nikasema likitulia nitamwambia. Likatulia. Tukafika juu, Newala hii hapa, mikorosho imeanza kudondosha mabibo, Sensei anauliza lile ni tunda au ua.

Nikamweleza habari za mabibo.


Jumapili, 29 Septemba

Alasiri. Niko nyuma ya jiko la Mama Kasiani, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Daftari nililichukua kwa ajili ya ukalimani. Naandika humo humo.

Tuliwasubiri watoke kanisani. Mama Kasiani na makungwi wenzake wawili, mkekani ndani, kanga mpya. Mama yangu kakaa pembeni kabisa, nusu yake nje ya mkeka. Pili kaambiwa asikanyage.

Mama Kasiani akaanza kwa Chimakonde, kwa makusudi, ili Sensei asidokoe hata neno la Kiswahili. Sensei akanijibu kwa Kijapani. Kati ya lugha hizo mbili hapakuwa na mtu mwingine. Nimesoma miaka mitatu nifike pale, na nilipofika nilitamani ardhi inimeze.

Swali la kwanza la Mama Kasiani: huyu kwao amechezwa?

Nikatafsiri. Sensei akalichukua kwa uzito. Akaeleza kwamba kwao wakifika miaka ishirini wanavaa nguo ya mikono mirefu, wanakwenda ukumbi wa serikali, meya anatoa hotuba, wanapiga picha.

Wanafundishwa nini? akauliza Mama Kasiani.

Sensei akafikiri. Akasema hakuna.

Makungwi wakatazamana. Mmoja akasema pole, kwa Kiswahili, kwa huruma kabisa. Akamsogezea Sensei karanga. Sensei akala. Nikaona mabega ya Mama yameshuka kidogo. Nikaanza kutumaini, mjinga mimi, kwamba siku itapita hivi hivi, kwa karanga.

Ndipo Sensei akafungua kifurushi. Biskuti za kwao, kitambaa, na fomu. Ile fomu! Kaiweka kwenye bahasha ya plastiki, safi, kaitoa kwa mikono miwili. Akasema: kila nilipoisoma kazi nilikuwa naangalia hiki kidole, nikimfikiria mwenye kidole. Leo nimemwona. Nataka aipokee nakala hii kama ahadi yetu.

Sikutafsiri. Hakukuwa na haja. Mama Kasiani alishavaa miwani, na fomu yenyewe ni ya Kiswahili.

Alisoma taratibu. Alifika pale. Najua alifika pale kwa sababu kidole chake kilikuwa kinafuata mistari, kikasimama. Hakunitazama. Akampa mwenzake asome. Mwenzake akasoma kwa sauti ya chini: hajui kuandika. Mama yangu akajifunika kanga usoni.

Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Akasema kwa Chimakonde, polepole, akikata kila sentensi ili nisipate kisingizio: "Mwambie hiki kidole si changu. Mwambie mimi naandika. Mwambie hakuna aliyeniomba ruhusa, na ningeombwa ningekataa. Mwambie neno kwa neno."

Sensei akanigeukia. Ananisubiri, kichwa kimeinama upande kidogo, kama darasani akimsubiri mwanafunzi anayejua jibu.

Na mimi nikasema — kwa Kijapani kizuri, bila kukwama — kwamba Mama Kasiani anasema amefurahi sana, na anamshukuru kwa kuja kutoka mbali.

Nimeandika. Limo humu. Nilisema hivyo.

Uso wa Sensei uling'aa. Akaweka mikono miwili mkekani, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono, akakaa hivyo. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, macho yana machozi.

Mama Kasiani akalitazama lile tabasamu. Akaniuliza: "Mtu akiambiwa hayo, anacheka?"

 Karanga moja ilidondoka kwenye sinia, niliisikia. Nikamtazama Mama, kanga bado usoni. Nikafikiria Pili na ndoo yake. Sijui kama ni Pili au ni aibu au ni kuchoka tu, miezi yote hii nimechoka kuwa na akili. Nikamgeukia Sensei nikamwambia yote. Kidole ni changu. Mama Kasiani anaandika. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na angeombwa angekataa. Nilichosema sasa hivi nilidanganya. Wanaume wanayasoma mabarabarani. Mdogo wangu amefutwa. Njia ya kulirudisha jina lake ni barua yako ya kuiondoa kazi. Sikutumia heshima ya juu wala ya chini, nilitumia maneno ya mtoto wa mwaka wa kwanza.

 Rangi ilimtoka Sensei. Akaichukua fomu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya goti lake. Kisha akaweka mikono miwili mkekani, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono, akakaa hivyo.

Vilevile! Vilevile kabisa kama mara ya kwanza!

Kwao mtu hushukuru hivyo, na huomba radhi hivyo hivyo. Mimi naijua tofauti: mara hii alikaa muda mrefu, mgongo ulikuwa unatetemeka. Lakini nani mwingine pale angeijua?

Mama Kasiani akaangalia ule mgongo. Akaniangalia mimi.

"Mara ya kwanza kainama. Mara ya pili kainama," akasema. "Mara zote mbili umemwambia nashukuru."

Nikasema hapana, bibi, sasa nimesema kweli, Wallahi nimesema kweli, anaomba radhi. Akauliza nani shahidi wako. Nikatazama huku na huku kama mpumbavu. Shahidi! Mkunya nzima, Newala, mpaka Masasi, nani shahidi wangu wa Kijapani? Yule dada wa kwenye Noah?

Mama akatoa kanga usoni. Nikadhani atanisemea. Akasema: Hajira, toka nje.

Nimetoka. Ni kama nusu saa sasa. Ukuta ni wa miti na udongo, nasikia kila kitu. Sensei ameinuka, anajaribu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Anatafuta neno la kuomba radhi na hana. Hakuwahi kulihitaji, darasani sisi ndio tuliokuwa tunaomba radhi. Anasema, "Asante. Asante sana, mama. Asante." Sauti inakatika. Anarudia tena asante.

Mmoja wa makungwi anauliza, huyu analilia nini?

Mama Kasiani anasema sijui. Anamwambia Sensei, kwa Kiswahili sasa, polepole, aseme tena. Sensei anasema asante.

Wanahitaji mkalimani. Nimeshafunga daftari mara mbili, nimesimama, nimekaa. Hakuna anayeniita.